Bamvua la Mwambani, moto wa Io

Siku ya bamvua, pale Mwambani, Tanga, bahari inaondoka kabisa. Saa nne na nusu asubuhi unatoka ufukweni unatembea kwa miguu, maji yanakufika kifundoni tu, mpaka pale ambapo jana jioni ngalawa zilikuwa zinaelea. Wanawake wameshatangulia. Kanga zimefungwa kiunoni, ndoo ya plastiki mkono mmoja, chuma chembamba mkono mwingine, wanachungulia matundu ya mwamba. Pweza ni mjanja wa kujificha, ila ana tabia moja inayomponza: magamba ya kaa na makombe ya vitu alivyokula huyatupa mlangoni kwake. Bibi yangu akiona kirundo cha magamba safi mbele ya tundu, hakuwa na haja ya kubisha hodi.

Bibi hakuwa na saa, alikuwa na mwezi. Ukiandama, au ukifika siku ya kumi na tano, alijua kwamba siku mbili tatu zinazofuata bahari itatoka sana, na itatoka wakati uleule wa siku zote: saa nne, saa tano asubuhi, kisha tena usiku saa hizohizo. Mgeni aliyefika kutoka Korogwe siku ya bamvua alikuta chakula kimefunikwa na mwenyeji yuko mwambani.

Nimemkumbuka bibi kwa sababu nilikuwa nasoma habari za Stanton Peale, mwanasayansi wa sayari wa Marekani aliyefariki tarehe 14 Mei 2015 akiwa na miaka 78. Ukitaja watu wa anga, wengi watakutajia Gagarin au Armstrong. Peale hakuwahi kupanda chombo chochote cha kwenda juu. Alizaliwa Indianapolis mwaka 1937, akapata udaktari wa falsafa Cornell mwaka 1965, na kuanzia 1968 alifundisha Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara. Kazi yake ilikuwa kukokotoa jinsi sayari na miezi zinavyovutana, zinavyojizungusha, na zinavyobadilishana mwendo kidogo kidogo kwa mamilioni ya miaka. Ni kazi ya kalamu na karatasi, na hakuna anayekuja kupiga picha. Lakini mwaka 1979, kwa kutumia kitu kilekile alichokitumia bibi kutafutia pweza, yeye na wenzake wawili walisema kuna moto Io, mwezi mmoja wa sayari ya Mshtarii, mahali ambapo hakuna jicho lililokuwa limeuona. Siku chache baadaye ukaonekana.

Kuelewa walichokifanya inabidi kwanza tuelewe maji ya Tanga, na hapo ndipo penye fundo, kwa sababu kupwa na kujaa wengi tunakujua kwa miguu kuliko tunavyokujua kwa akili.

Swali lenyewe ni hili. Mwezi unavuta maji, sawa. Basi kwa nini maji yajae mara mbili kwa siku? Mwezi uko upande mmoja wa dunia. Kama kazi yake ni kuyavuta maji yauelekee, yangejaa mara moja, yakapwa mara moja, basi. Nilipouliza hivyo nikiwa kidato cha tatu, nilijibiwa kwamba hilo halimo kwenye mtihani.

Chukua watoto watatu walioshikana mikono kwenye mstari, wamemwelekea bibi mwenye sinia la visheti. Wa mbele harufu imempata sawasawa, anakwenda mbio. Wa katikati imempata kiasi, anakwenda kwa mwendo wa wastani. Wa nyuma haijamfikia vizuri, anajikokota. Wote wanamwendea bibi, hakuna anayerudi nyuma. Lakini mwulize wa katikati anasikiaje. Mkono wa mbele unavutwa, na mkono wa nyuma unavutwa vilevile. Mstari umetanuka pande zote mbili.

Mtoto wa mbele ni maji yaliyo upande wa mwezi. Wa katikati ni dunia yenyewe. Wa nyuma ni maji ya upande wa pili, ambayo mwezi unayavuta kidogo kuliko unavyoivuta dunia, kwa hiyo yanabaki nyuma, yanafanya kivimbe chao. Ndiyo maana vivimbe ni viwili. Neno la kushika hapa ni tofauti. Kinachotikisa bahari ni tofauti ya mvuto kati ya upande ulio karibu na ule ulio mbali. Kama mwezi ungevuta kila tone la maji na kila jiwe la dunia kwa nguvu sawa, tungekwenda sote pamoja na hakuna mtu Mwambani angejua.

Dunia nayo inajizungusha, kwa hiyo Tanga inapita chini ya kivimbe kimoja, kisha cha pili. Lakini wakati dunia inamaliza mzunguko wake, mwezi nao umeshasogea mbele kidogo kwenye njia yake, inabidi tuufukuzie. Ndiyo maana kutoka kujaa hadi kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25, na kila siku maji huchelewa kama dakika 50 kuliko jana. Anayekwenda pwani kwa kukariri saa ya juzi atakuta mambo yameshabadilika.

Jua nalo linavuta. Ni kubwa mno, ila liko mbali mno, na tofauti yake kati ya upande wa karibu na wa mbali ni ndogo: mchango wake haufiki nusu ya ule wa mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, jua, mwezi na dunia hukaa kwenye mstari mmoja, nguvu mbili zinasaidiana, na siku moja au mbili baadaye tunapata bamvua. Mwezi ukiwa nusu, jua linavuta upande huu na mwezi upande ule, zinapunguziana, na hayo ndiyo maji mafu. Hapohapo ndipo ilipo siri ya saa nne ya bibi. Bamvua huja tu mwezi ukiwa umekaa pamoja na jua au umelikabili, kwa hiyo saa nne asubuhi ya siku hiyo mwezi huwa mahali palepale kuhusiana na sisi, mwezi hata mwezi. Saa nne ya bamvua la Rajabu ndiyo saa nne ya bamvua la Shaabani. Kwingine duniani huwa saa nyingine, kutegemea umbo la pwani na kina cha bahari, kwa sababu bahari halisi haina adabu ya mchoro wa kitabuni. Kwetu, siku za bamvua, maji hupanda na kushuka mita 3 hadi 4. Sehemu nyingi za Mediterania hazifiki hata nusu mita, na watu wa huko hukua bila kujua raha ya kuokota pweza kwa miguu.

Sasa jambo ambalo bibi hakulijua, na nadhani asingelikubali. Ardhi nayo hupwa na kujaa. Ukiwa umekaa barazani Ngamiani unakunywa kahawa, baraza, kahawa, barabara na msikiti wa jirani vyote vinapanda na kushuka kama sentimita 30, mara mbili kwa siku. Huoni kwa sababu hakuna kilichobaki chini cha kulinganisha nacho. Mwamba ni mgumu, lakini dunia nzima ikivutwa, mwamba hunyumbuka.

Kitu kigumu kikinyumbulishwa mara kwa mara hupata joto. Chukua kipande cha waya, kikunje huku na huku mahali pamoja mara ishirini, kisha gusa pale kilipokunjwa. Utaondoa kidole haraka. Joto hilo ni msuguano wa ndani kwa ndani. Kwa dunia yetu, joto la aina hiyo kwenye mwamba ni dogo, halipashi hata uji. Lakini fikiria mahali ambapo mvutaji ni mkubwa kuliko mwezi wetu kupita kiasi.

Mshtarii ndiyo sayari kubwa kuliko zote zinazolizunguka jua letu. Uzito wake ni mara 318 ya dunia. Mwaka 1610 Galileo aliielekezea darubini akaona nukta nne zikiizunguka. Iliyo karibu kuliko zote nne ni Io. Io ni kubwa kidogo kuliko mwezi wetu, na iko umbali wa kilomita 421,700 kutoka Mshtarii. Mwezi wetu uko kilomita 384,400 kutoka kwetu. Kwa hiyo umbali unakaribiana na ukubwa unakaribiana, ila anayevuta ni mzito mara 318. Io inamaliza mzunguko mmoja kwa saa 42 na nusu, wakati mwezi wetu unachukua wiki nne.

Mtu angesema, basi, si wazi kwamba Io itapata joto? Haikuwa wazi, na hapa ndipo ninapompenda Peale.

Io, kama mwezi wetu, imegeuza uso mmoja kwa mwenyeji wake siku zote. (Ndiyo maana kwenye mwezi tunaona madoa yaleyale maisha yetu yote, awe sungura au mtu aliyebeba kuni, kutegemea ulihadithiwa na nani.) Kitu kilichogeuza uso mmoja kimetanuka, ndiyo, lakini kimetanuka kikabaki hivyohivyo. Waya uliokunjwa mara moja ukaachwa haupati joto. Ili upate, lazima ukunjwe na kukunjuliwa. Io itapashwa moto tu kama umbali wake na Mshtarii unabadilika, mara inakaribia, mara inasogea, yaani kama njia yake ni duaradufu kuliko kuwa duara kamili. Na kuna kizuizi kingine: msuguano uleule unaoleta joto huisawazisha njia, unaifanya duara. Kwa hesabu hiyo Io ilipaswa kuwa imetulia zamani, mwezi baridi uliojaa mashimo ya vimondo kama wetu.

Peale, akiwa na Patrick Cassen na Ray Reynolds wa kituo cha Ames cha NASA, shirika la anga la Marekani, waliangalia majirani. Baada ya Io inakuja Europa, kisha Ganymede. Ganymede ikizunguka mara moja, Europa huzunguka mara mbili na Io mara nne, karibu bila kukosea. Kupatana huko kulijulikana muda mrefu. Laplace, mwanahisabati wa Ufaransa, alikwisha kukufafanua. Maana yake ni kwamba Io na Europa hukutana mahali palepale kila mara, na kila wakikutana Europa huivuta Io kidogo kwa upande uleule. Ni kama kusukuma bembea: nguvu ndogo, ila inakuja kwa wakati wake bila kukosa, na bembea haisimami. Msuguano unaisawazisha njia ya Io, majirani wanaipinda tena. Kilomita 3,500 hivi ndiyo tofauti kati ya Io ikiwa karibu na Mshtarii na ikiwa mbali. Si nyingi kwa safari ya Io, lakini kwa mvutaji wa aina ile inatosha kuifanya ardhi yake ipande na kushuka hadi karibu mita 100. Simamisha minazi minne mirefu ya Tanga, mmoja juu ya mwingine. Halafu kumbuka kwamba kinachopanda na kushuka hapo ni mwamba.

Wakapiga hesabu ya joto. Likatoka kubwa kiasi kwamba sehemu kubwa ya ndani ya Io ilipaswa kuwa imeyeyuka, na wakaandika kwamba huenda volkano zimeenea juu yake na zinalipuka mara kwa mara. Makala yao yalichapishwa katika jarida la Science tarehe 2 Machi 1979.

Tarehe 5 Machi 1979, chombo kiitwacho Voyager 1 kilipita karibu na Mshtarii.

Nasimama kidogo hapo kwa sababu mimi, kama mtu wa Kiswahili, nina kinyongo kidogo na Voyager. Vyombo vile viwili, vilivyorushwa mwaka 1977, vimebeba sahani ya santuri iliyopakwa dhahabu, yenye salamu za lugha 55 kwa yeyote atakayevikuta huko mbali. Kiganda kimo. Kinyanja kimo, kinawajulia hali watu wa huko juu kwa maneno ambayo Mswahili anayatambua nusu yake. Kiswahili hakimo. Kuna Kisumeri, ambacho hakina tena mtu wa kukizungumza nyumbani kwake, lakini sisi hatumo. Kinachonifariji ni kwamba kati ya picha zilizobebwa kuna ya Jane Goodall akiwa na sokwe, kwa hiyo angalau mtu aliyetangaza jina la Gombe amefika.

Turudi Io. Picha za kwanza ziliwashangaza watu wa Pasadena, California, ambako ndiko chombo kilikokuwa kinaongozwa. Io ilionekana ya njano, nyekundu ya kutu na nyeupe, kama mkate wa sinia ulioungua huku na huku. Na haikuwa na mashimo ya vimondo. Kila kitu kinachokaa angani hupigwa mawe, kwa hiyo uso usio na makovu ni uso mpya. Kuna kitu kinaupiga lipu kila mara. Tarehe 8 Machi, Voyager ikiwa inaondoka, ilipiga picha ambayo haikukusudiwa hata kuwa ya sayansi. Ilikuwa ya kusaidia kujua chombo kiko wapi kwa kulinganisha na nyota za nyuma, kwa hiyo mwanga uliachwa uingie mwingi. Kesho yake mhandisi wa mambo ya njia, Linda Morabito, alikuwa anaikuza picha hiyo kwenye skrini kutafuta nyota. Pembeni mwa Io akaona kitu kama mwavuli hafifu, kimechomoza nje ya ukingo. Alidhani labda ni mwezi mwingine uliojificha nyuma. Haukuwa mwezi. Ilikuwa mavumbi na gesi ya volkano, yamerushwa juu zaidi ya kilomita 250. Ukitoka Tanga mpaka Dar es Salaam kwa mstari wa kunguru, hufiki kilomita 200.

Ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza watu kuona volkano inayolipuka mahali pengine nje ya dunia. Sisi tunajua volkano, tuna Ol Doinyo Lengai. Io wanahesabu sasa zaidi ya 400 zilizo hai, na moja, Loki, ina shimo la upana wa kama kilomita 200.

Watu husimulia kisa hiki kama bahati ya tarehe, wiki moja kati ya makala na picha. Mimi naona tarehe ndiyo heshima yake. Peale na wenzake wangeweza kungoja. Wangeona picha, kisha wangeandika makala nzuri ya kueleza kwa nini, na hakuna ambaye angewalaumu. Baada ya tukio kila mtu ni mtabiri. Wao waliandika mapema, majina yao juu, wakijua kwamba chombo kiko njiani na kitawaumbua au kitawatukuza mbele ya dunia nzima.

Na hawakupatia kila kitu. Walifikiri Io imeyeyuka ndani kiasi cha kubaki na ganda jembamba juu ya bahari ya moto. Chombo cha Juno kilipita kilomita 1,500 tu kutoka Io mwishoni mwa Desemba 2023, na tena Februari 2024, kikapima jinsi Io inavyonyumbuka. Matokeo yaliyotolewa Desemba 2024 yanaonyesha kwamba hakuna bahari ya moto iliyoenea chini ya uso pote, karibu na juu. Joto lipo, chanzo chake ni kilekile, ila namna moto unavyopita kutoka ndani hadi juu ni jambo la kutafutwa upya.

Kazi nyingine ya Peale unaweza kuijaribu jikoni kwako leo. Chukua mayai mawili, moja bichi, moja lililochemshwa likaiva. Yazungushe mezani kama pia. Lililoiva linazunguka vizuri, limetulia, kwa sababu ganda na ndani ni kitu kimoja. Bichi linasitasita na kuyumba. Ganda umelizungusha wewe, ute wa ndani haujapata habari. Bila kuvunja yai umejua kilichomo.

Utaridi, ambayo vitabu vya shule huiita Zebaki, ndiyo sayari iliyo karibu kuliko zote na jua. Hadi mwaka 1965 ilidhaniwa kwamba imeligeuzia jua uso mmoja. Mwaka huo mawimbi ya rada kutoka Arecibo, Puerto Rico, yalionyesha kwamba inajizungusha kwa siku 59, wakati mwaka wake ni siku 88; inajizungusha mara tatu kila miaka yake miwili. Peale, ndiyo kwanza ametoka chuo, alikuwa miongoni mwa walioeleza haraka jinsi mvuto wa jua ulivyoweza kuifikisha hapo. Kisha mwaka 1976 akauliza swali la yai: je, kiini cha Utaridi kimeyeyuka au kimeganda? Njia yake inavyopinda, jua huitikisa sayari hiyo kidogo huku na huku katika mwendo wake wa kujizungusha. Kama yote imeganda, mtikisiko utakuwa mdogo. Kama ganda la juu linaelea juu ya kiini cha majimaji, ganda litatikisika peke yake, kama mara mbili ya kiwango kile. Pima mtikisiko, utajua kilichomo. Shida ni kwamba mwaka 1976 hapakuwa na chombo cha kupima kitu kidogo namna ile.

Alingoja miaka 31. Mwaka 2007 Jean-Luc Margot na wenzake, Peale akiwa mmoja wao, walitangaza kwamba wameupima mtikisiko kwa rada kutoka hapa duniani, na yai ni bichi: sehemu ya nje ya kiini ni majimaji. Chombo cha MESSENGER kikaenda kuizunguka Utaridi kuanzia 2011, na Peale alikuwa katika kundi la wanasayansi wake. Mafuta yalipokiishia, kilianguka juu ya sayari hiyo tarehe 30 Aprili 2015. Wiki mbili baadaye akafariki na yeye.

Kilichobaki baada yake kinakwenda mbali kuliko volkano. Zamani, anayetafuta mahali penye uwezekano wa uhai nje ya dunia alitafuta karibu na jua, pasipo joto sana wala baridi sana, maji yasigande. Mshtarii ilikuwa nje ya hesabu. Huko mwanga wa jua ni hafifu na kila kitu ni barafu. Baada ya Io, hesabu iligeuka. Kama kupwa na kujaa kunaweza kuyeyusha mwamba, kwa kiwango cha chini zaidi kunaweza kuyeyusha barafu. Europa, jirani anayesukuma bembea, naye husukumwa. Uso wake ni barafu iliyopasuka mistari mistari, na chini yake panaaminika kuna bahari ya chumvi yenye maji mengi kuliko bahari zetu zote zikijumlishwa, labda mara mbili. Huko Zohali kuna mwezi mdogo, Enceladus, upana wake hauzidi sana kilomita 500, na mwaka 2005 chombo cha Cassini kilikuta unarusha maji kutoka kwenye nyufa zake za kusini. Jua halina habari na maji hayo. Yanapashwa na kunyumbulishwa.

Ndiyo maana tarehe 14 Oktoba 2024 NASA ilirusha Europa Clipper, ambayo itafika Mshtarii mwaka 2030. Ulaya nao wametanguliza chombo chao, JUICE, Aprili 2023, nacho kitafika 2031 kuichunguza zaidi Ganymede. Vyote viwili vitapima jinsi miezi hiyo inavyotanuka na kunywea ikizunguka, kwa sababu mwezi wenye bahari ndani hunyumbuka kuliko mwezi ulioganda. Ni swali la yai tena.

Huhitaji chombo kuiona Io. Darubini ndogo ya mkononi, ya mtu anayetazama ndege, inatosha. Usiku mmoja Mshtarii ilipokuwa juu, niliishika darubini yangu nikiwa nimeegemea ngalawa iliyopandishwa mchangani ili mikono isitetemeke. Nukta tatu upande mmoja, moja upande wa pili, zimejipanga mstari kama taa za wavuvi wa dagaa usiku wa giza. Mwenye ngalawa akaja. Nikamwamkia, akaitikia, akataka kujua nachungulia nini kwenye chombo chake. Nikampa darubini. Akatazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia, nami nikamweleza: ile ya karibu, ardhi yake hupwa na kujaa, minazi minne, mpaka inatoa moto.

"Na bamvua lao lini?" akauliza, jicho bado liko kwenye darubini.

"Kila saa arobaini na mbili na nusu, mzee. Likipita moja, linakuja jingine."

"Maji mafu?"

"Hapo katikati. Kama saa ishirini na moja baadaye."

Akanirudishia darubini. Akahesabu kwa kidole gumba, akipitia viungo vya vidole kama anayefanya tasbihi.

"Basi huko hakuna siku ya kushona nyavu," akasema, akainama kufungua kamba.